Usiifunge Kompyuta, Mdogo Wangu

Mpenzi msomaji, mwezi huu niruhusu niongee na mdogo wangu. Yupo chuo mwaka wa pili, haoni, anasomea kompyuta. Juzi usiku alinipigia: "Dada, mimi naacha." Mhadhiri anafundisha kwa "kama mnavyoona hapa", na programu aliyoandika kwa Python imegoma siku tatu.

Mdogo wangu, programu ikigoma haichagui macho. Wanaoona nao wanakesha. Kosa lako lilikuwa nafasi moja tu iliyozidi mwanzoni mwa mstari. Kwenye Python nafasi hizo ndizo zinazoonyesha kipi kiko ndani ya kipi, na sauti inayokusomea skrini ilikuwa inazipita kimya. Kwenye mipangilio ya hiyo NVDA yako kuna mahali pa kuiamuru izitaje, au izipigie mlio. Pawashe.

Na unajua nani aliianzisha NVDA? Michael Curran wa Australia, naye haoni, mwaka 2006. Sehemu kubwa imeandikwa kwa Python hiyo hiyo inayokuliza, na inatolewa bure.

Nawe wifi yangu unayemsaidia kila usiku, Mungu akubariki. Ila ukiliona kosa, usilirekebishe. Chemsha chai, kaa pembeni, mwache alitafute mwenyewe. Kwenye chumba cha mtihani hutakuwepo.

Kesho mwambie mhadhiri: "Mwalimu, naomba unachoandika ubaoni ukisome kwa sauti." Huombi fadhila, ni haki yako. Halafu nipigie, ila siyo kuniaga.