Tahadhari: Watoto Wetu Wanafundishwa Chuki kwa Mzaha

Kenya itapiga kura tarehe 10 Agosti 2027.

Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2008, siku ambayo kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilitiwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, atakuwa na umri wa miaka 19. Itakuwa kura yake ya kwanza. Moto ule hakuuona. Hakulala kwenye hema la wakimbizi wa ndani katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Hakumsikia mamake akiambiwa na jirani wa miaka mingi ahame kabla ya jua kutua.

Ukabila anaoujua yeye ni wa kuchekesha.

Hiyo ndiyo hatari. Wala haingoji Agosti. Imeshaanza.

Inamfikia kijana akiwa bado kitandani, kabla hajanawa uso. Ni stika ya WhatsApp: kabila hili ni wezi. Ni klipu fupi ya TikTok: mtu anaiga lafudhi ya watu wa kabila lile, watazamaji wanacheka, kisha anamalizia kwa tusi. Ni emoji za nyani chini ya picha ya mchezaji mweusi aliyekosa penalti, zikitumwa hata na vijana weusi kama yeye, kwa sababu tu timu yao imefungwa. Ni mwanafunzi Msomali anayeitwa gaidi katika kundi la darasa lake mwenyewe, na wenzake 40 wakiona na kunyamaza.

Kijana anacheka. Anawatumia wenzake. Nao wanacheka.

Hakuna aliyejiona mbaguzi.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumba usaha. Usaha huo tumeuona. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakakimbia makwao. Tume ya Jaji Philip Waki ilieleza jinsi ujumbe mfupi wa simu na baadhi ya redio za lugha za mama zilivyochochea. Kumbuka simu za wakati ule zilikuwa za aina gani. Wachache sana walikuwa na intaneti mkononi. Kila ujumbe ulilipiwa. Leo mtoto wa miaka 14 mwenye bando la shilingi chache anawafikia watu wengi kuliko aliyekuwa na kijarida mwaka ule.

Wenzetu wa Rwanda waliuona usaha huo kabla yetu. Redio RTLM ilianza matangazo Julai 1993 na vijana wakaipenda. Ilipiga muziki wa Kongo. Watangazaji wake walikuwa wachangamfu, walizungumza lugha ya mitaani, walitania. Katikati ya utani huo Watutsi wakaitwa mende. Kuanzia Aprili 1994 redio ileile ikawa inataja majina ya watu wa kuuawa na mahali walipojificha. Miongoni mwa waliokuwa wakichekeshwa walikuwamo walioshika mapanga, na wengi wao walikuwa vijana.

Mende.

Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi wetu, Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Neno mende lilikuwamo. Madoadoa lilikuwamo pia, jina ambalo tangu miaka ya 1990 limetumiwa Bonde la Ufa kwa watu wa makabila mengine wanaotakiwa kung'olewa.

Na sisi wa Pwani tusijitoe. Katika orodha ileile kulikuwa na wakuja, na wabara waende kwao. Maneno hayo ni yetu. Mnamo Agosti 1997 yaliandamana na mapanga huko Likoni. Zaidi ya watu 100 walikufa na maelfu wakavuka kivuko na magunia yao kichwani. Leo vijana wetu wanayaandika chini ya video, wanaweka emoji ya kicheko, wanapita.

Mzazi anayesema "mwanangu hawezi kutafuta mambo hayo" hajaelewa mashine hizi. Mtoto hahitaji kuyatafuta. TikTok, Facebook na YouTube zinataka jambo moja kutoka kwake: akae. Akituliza kidole juu ya klipu ya matusi, hata kama ametulia kwa mshangao, hata kama imemuudhi, mashine inahesabu muda huo. Inayofuata inakuwa ya namna hiyohiyo. Kisha nyingine. Baada ya wiki kadhaa anaamini kwamba kila mtu anafikiri hivyo, kwa kuwa kila anayemwona anasema hivyo. Juni 2022 mtafiti Odanga Madung, akifanya kazi na Mozilla, alikusanya zaidi ya video 130 za TikTok zenye uchochezi na uongo wa kisiasa kuhusu Kenya. Zilitoka kwa akaunti 33 tu. Zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 4.

Akaunti 33.

Chuki ya namna hii haina mipaka ya nchi. Tarehe 14 Mei 2022 kijana mzungu wa miaka 18 aliendesha gari zaidi ya kilomita 300 hadi mji wa Buffalo, Marekani, akaingia dukani katika mtaa wa watu weusi na kuua watu weusi 10, huku akirusha mauaji hayo moja kwa moja mtandaoni. Mwenyewe aliandika alikoanzia: alikuwa amechoshwa na kukaa ndani wakati wa korona, akawa anapitisha muda kwenye ukumbi wa mtandaoni ambako ubaguzi husambazwa kwa picha za kuchekesha. Ilimchukua miaka miwili tu kutoka kwenye kicheko hadi kwenye bunduki.

Uingereza haikuhitaji hata wiki. Tarehe 29 Julai 2024 wasichana watatu wadogo waliuawa kwa kisu katika mji wa Southport. Saa chache baadaye mitandao ilijaa uongo: muuaji ni Mwislamu, mwomba hifadhi aliyeingia kwa mashua. Aliyeua alikuwa kijana aliyezaliwa Cardiff. Kesho yake umati ulikuwa nje ya msikiti ukirusha matofali. Tarehe 4 Agosti hoteli walimokaa waomba hifadhi huko Rotherham ikawashiwa moto watu wakiwa ndani. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani kwa ghasia zile alikuwamo mtoto wa miaka 12.

Miaka 12.

Usingoje kampuni zikulindie mtoto. Novemba 2021 Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, mtu wa kabila la Watigray, aliuawa nje ya nyumba yake baada ya jina na picha yake kusambazwa Facebook pamoja na tuhuma za uongo. Mwanawe alikuwa ameiomba kampuni iyaondoe machapisho hayo. Familia iliishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, jijini Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Ni hatua kubwa. Lakini imefika miaka zaidi ya mitatu baada ya mazishi. Januari mwaka huohuo wa 2025 Meta ilikuwa tayari imetangaza kulegeza kanuni zake kuhusu lugha ya chuki.

Kuna watakaonijibu kwa kutaja Juni 2024. Ni kweli. Vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha wakasema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Walimaanisha. Wako waliokufa wakiwa bega kwa bega na watu ambao babu zao wasingekaa nao meza moja. Niliona fahari, na ninaiona hadi leo. Lakini mwezi mmoja wa umoja haufuti miaka ya stika. Wanasiasa waliotikiswa na umoja ule wanajua vizuri namna ya kuuvunja, na wanajua kwamba akaunti bandia ni rahisi kuliko mkutano wa hadhara. Watawalenga vijana walewale. Watawalenga kwa vichekesho.

Lisipobadilika jambo, tunajua mambo yatakavyokwenda. Kwanza watoto watagawana makundi ya WhatsApp kwa kabila. Kisha watagawana meza za chakula shuleni, kisha mitaa. Usiku wa kutangazwa matokeo video ya zamani ya nyumba zinazoungua itasambazwa kama ya leo, na kijana aliyezoea kucheka hatakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Atakuwa ameshaambiwa mara elfu kwamba wale si watu kamili.

Kwa hiyo fanyeni haya, na myafanye sasa.

Kaa na mwanao. Mwambie akuonyeshe kilichomchekesha wiki hii. Usimnyang'anye simu, maana utapata simu na utampoteza mtoto. Atatafuta ya rafiki. Tazameni pamoja. Muulize nani alitengeneza hii, na anataka ufanye nini. Muulize kama angeituma mbele ya rafiki yake wa kabila hilo, na amtaje rafiki huyo kwa jina. Akikosa jina la kutaja, umeshajua tatizo lilipo.

Kisha jisikilize mwenyewe. Hapa wengi wetu hatutaki kufika, na ndipo penye kazi kubwa. Mtoto hajifunzi chuki kwenye simu pekee. Simu inamkuta tayari ameandaliwa mezani. "Yule kijana ni mzuri, ila kabila lake…" "Wale ndivyo walivyo, usiwaamini." Ami anatuma ujumbe wa sauti katika kundi la ukoo kuhusu "watu wale", na watu wazima 30 wanaitikia kwa vicheko huku watoto wakisoma. Shangazi anamwambia binti asikae juani asije akawa mweusi. Bibi anasema nywele zake ni mbaya kwa sababu ni za kipilipili. Katika baadhi ya nyumba zetu za mwambao bado mtu anatukanwa kwa asili ya utumwa, naye amezaliwa pale, babu yake amezikwa pale. Mtoto aliyelelewa na maneno hayo hana kinga yoyote anapokutana nayo mtandaoni. Anayatambua kama sauti ya nyumbani.

Nyamazisha maneno hayo. Mbele ya watoto, na mbele ya ami. Sema kwa adabu, lakini sema palepale, ndani ya kundi, ili walewale waliosoma tusi wasome na makatazo: "Ami, shikamoo. Hilo hapa halifai, watoto wanasoma."

Wasimulie yaliyotokea. Kiambaa, Naivasha ya Januari 2008, Likoni. Waambie kuhusu Aprili 2014, maelfu ya Wasomali walipokamatwa Eastleigh na wengi kufungiwa uwanja wa Kasarani, wakiwamo raia wa nchi hii. Usiwasimulie tu yale ambayo watu wetu walitendewa. Wasimulie na yale ambayo watu wetu waliyatenda. Mtoto anayejua upande mmoja tu wa hadithi tayari ameandikishwa jeshini.

Mpeleke kwa watu. Timu ya mpira yenye watoto wa kila namna, likizo kwa rafiki wa kaunti nyingine, idi na krismasi za majirani. Haya ni mepesi na wengi wetu tuliyafanya zamani bila kuagizwa.

Walimu, lile kundi la darasa mnalijua. Mwanafunzi akiitwa gaidi, usiseme ni utoto. Mwite aliyeandika, mwite aliyeandikiwa, waite na wazazi wa pande zote mbili, siku hiyohiyo. Anayeumizwa asiachwe peke yake kuthibitisha kwamba ameumia.

Na wewe msimamizi wa kundi la WhatsApp, futa ujumbe wa chuki. Ukishindwa kumzuia anayechochea, mtoe.

Sheria ipo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza haufiki kwenye matamshi ya chuki wala uchochezi wa kikabila. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Mwambie mwanao mwenye miaka 18 kwamba "nilikuwa natania" si utetezi wa kutegemea mbele ya hakimu.

Ukikutana na uchochezi, usiusambaze, hata kwa nia ya kuonyesha ulivyo mbaya. Kila unapousambaza unaupa watazamaji wapya. Piga picha ya skrini kabla haujafutwa. Ionekane akaunti, ionekane tarehe. Ripoti kwenye mtandao wenyewe, kisha ipeleke NCIC au kituo cha polisi kilicho karibu nawe.