Dada Yetu, Paje Jua Halizami Baharini!

Wadau, leo sina salamu ndefu. Kuna posti imenikaba kooni tangu wiki iliyopita, nisipoitema nitaumwa bure.

Kuna staa wetu mmoja, jina nalihifadhi ingawa wengi mshamjua, alikuwa Zanzibar. Akatupia picha: katupa mgongo, gauni jeupe linapepea, mbele yake bahari, na juu ya bahari jua jekundu kama embe bivu linazama taratibu. Kapsheni sasa: eti machweo bora kuliko yote duniani, njoo na mpenzi wako, taja jina langu upate punguzo. Na mahali kapataja mwenyewe bila kulazimishwa na mtu: Paje.

Paje, jamani!

Paje iko pwani ya mashariki ya Unguja. Ukisimama ufukweni ukaitazama bahari, unatazama upande ambao jua linachomoza. Jioni jua linazama nyuma yako, huko kwenye minazi na barabara ya kurudi mjini. Halijawahi kuzama baharini Paje, wala Bwejuu, wala Jambiani, tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo dada yetu hajaipamba picha tu. Kalihamisha jua!

Nikaikuza picha nione. Kivuli chake kimejikunja chini ya gauni, kifupi kabisa. Hiyo ni saa sita, saa saba ya mchana, sio jioni. Jua likiwa chini vile, kivuli kinatakiwa kiwe kirefu, tena kinyooke kumfuata mpiga picha. Majini hakuna ile njia ya mwanga inayotoka kwenye jua mpaka miguuni kwako. Mchanga mweupe umegeuzwa rangi ya Fanta. Na lile wingu lenye umbo la bawa pale kulia? Nimeliona kwenye picha ya mwingine aliyekuwa anakula bata Dubai. Wingu lina pasipoti!

Kama hujui inavyofanyika, ni kazi ya dakika mbili. Photoshop waliweka kitufe cha kubadilisha anga mwaka 2020, na siku hizi hata programu za simu zinafanya. Anga ziko humo ndani tayari: za mawingu, za nyota, za jua linalozama. Unachagua moja, mashine inakata anga yako na kubandika hiyo, halafu unasukuma rangi upande wa njano na wekundu mpaka hata ngozi inang'aa dhahabu. Umemaliza. Likes zinamiminika.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi mwenyewe naediti. Naongeza mwanga, nafuta chunusi, nanyoosha upeo wa bahari ukikaa upande. Picha ya harusi weka nyota, weka mwezi, weka hata tausi, ni yako. Hakuna anayekuja kulala ndani ya picha ya harusi yako. Lakini ukisema "njooni hapa muone hiki", ukaweka na punguzo kwa jina lako, hiyo sio picha ya kumbukumbu tena. Hilo ni tangazo. Na tangazo la kitu kisichokuwepo lina jina lake Kiswahili, tena jina fupi: utapeli.

Mtasema nakuza mambo. Sikilizeni.

Nina rafiki yangu anakaa mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni ufukwe huohuo. Picha kama hizi hazijaanza juzi. Mwaka jana walikuja maharusi wapya kutoka Dodoma, wamejichanga miezi kwa ajili ya fungate, wamechagua Paje kwa sababu ya picha waliyoiona kwenye simu. Saa kumi na moja jioni wakajipamba, wakatandika mkeka ufukweni, simu kwenye stendi, wakasubiri. Saa kumi na mbili na kitu giza likaanza kuingia. Bibi harusi akaja mapokezi na gauni lake.

"Kaka, mbona jua linazamia nyuma ya jiko lenu?"

"Dada, hapa jua letu tunaliona alfajiri."

Yule binti alilia. Sio kwamba ni dekezo. Ile hela ilikuwa ya safari moja, hakuna ya pili. Mumewe akaondoka na hasira, akaandika mtandaoni kwamba pale ni matapeli, nyota moja. Bosi akamuweka kikao rafiki yangu: umewaambia nini wageni? Yeye hajawaambia chochote! Aliyewaambia hata hajui kama kuna watu waliumia.

Kinachouma zaidi, Unguja hiyohiyo ina machweo ya kweli. Wangeenda Kendwa au Nungwi, kule kaskazini, wangeliona jua likizama baharini bila kuhitaji programu yoyote. Wangekaa Forodhani jioni na pweza wao mkononi, wangeliona. Ukweli ungewagharimu mabadiliko ya gari tu. Uongo umewagharimu fungate.

Na Paje yenyewe imekosa nini mpaka ibandikiwe jua la kukodi? Amka saa kumi na moja na nusu alfajiri, toka nje. Maji yakiwa yamekupwa utaona kina mama wanashuka kwenye mashamba yao ya mwani, na jua linatoka baharini mbele yako, jekundu lilelile unalolitafuta. Bure. Shida ni kwamba saa hiyo staa wetu kalala, jana alikesha. Akiamka saa nne jua limeshapanda, mwanga mkali, ndio anakimbilia kwenye simu kutengeneza jioni yake.

Najua mashabiki wake mnakuja na lile neno lenu: wivu. Haya, nina wivu. Ila wivu wangu haurefushi kivuli cha saa saba mchana. Wengine mtasema "hata wazungu wanafanya". Ni kweli. Mwaka 1982 National Geographic waliyasogeza mapiramidi ya Giza kwa kompyuta ili yaenee kwenye jalada. Likawa soo, na mpaka leo wapiga picha wanafundishana wasirudie. Na wale hata jua hawakuligusa.

Ombi langu ni dogo. Staa ukilipwa kutangaza sehemu, tangaza sehemu hiyo, sio anga ya kwenye simu yako. Ukibadilisha anga, andika maneno mawili tu: "nimebadilisha anga". Hutapungukiwa na kitu. Na wenye hoteli, nyie ndio mnatoa hela. Ikataeni picha yenye jua la uongo, maana mgeni akifika hatamgombeza staa, atamgombeza kijana wenu wa mapokezi.

Na wewe unayepanga safari, kabla hujalipia fungua ramani. Bahari iko mashariki? Basi jioni hakuna jua baharini, hata apige picha nani. Dakika moja tu inakuokolea hela.

Haya, uwanja wenu. Nani ameshawahi kufuata picha akakuta hewa? Funguka hapo chini, na majina tuyafiche kama mimi nilivyoficha.