Samawati, Buluu na Tangi la Samaki

Juma lililopita nilialikwa na chama cha sayansi cha shule moja ya upili niamue ugomvi ambao, nakiri, sikuutarajia. Wanafunzi walikuwa wamepata tangi la kioo la kufugia samaki, lakini hawakupatana juu ya rangi ya kupaka kioo cha nyuma. Kundi moja lilidai buluu, jingine samawati. Nilipowaomba waniguzie rangi zao katika karatasi ya muuza rangi, wote waligusa doa lile lile!

Hapo kijana mmoja akainuka, akakishtaki Kiswahili kwamba hakina maneno ya rangi. Sikuweza kunyamaza. Ni kweli kwamba -eusi, -eupe na -ekundu ndiyo pekee yanayochukua viambishi vya ngeli, na Berlin na Kay waliandika mwaka wa 1969 kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo. Lakini Kiswahili hakikukomea hapo. Kilikwenda shambani kikapata kijani, jikoni kikapata kijivu, mtini kikapata zambarau. Samawati ilitoka katika Kiarabu ikiwa na mbingu ndani yake. Buluu tuliipokea kwa Waingereza. Mwalimu akiamua kwamba samawati iwe ile ya mbingu na buluu ile iliyokoza, hakosei, mradi awaambie wanafunzi wake kabla ya kuwatuma dukani.

Ama kuhusu tangi lenyewe, mimi nachagua nyeusi. Samaki waliokusudiwa ni fulu wa Ziwa Viktoria, ambao madume yao hung'aa buluu, manjano au wekundu. Mbele ya samawati, dume la buluu humezwa. Na kwao rangi si pambo: mwaka wa 1997 Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya ziwa yakichafuka, majike hushindwa kuwabagua madume kwa rangi, na aina huchanganyika.

Jambo moja halina mjadala. Rangi ipakwe nje ya kioo, kamwe si ndani. Shule nyingine niijuayo ilipaka rangi ya mafuta upande wa ndani, ikajaza maji kesho yake. Msomaji anaweza kukisia yaliyowapata samaki. Rangi ya maji, kama ya kuta, yatosha: kioo kisafishwe, zipakwe tabaka mbili tatu nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Wakiichoka, wembe utaikwangua.

Walimu wamekubali nyeusi. Wale wa samawati wanataka shauri lisikizwe upya muhula ujao, nami nimeahidi kurudi.