Ondoeni Hiyo Chupa

Mwishoni mwa 2022, vuli ilipogoma na Mto Ruvu ukapungua hadi Dar es Salaam ikapewa maji kwa mgao, sisi nyumbani Kibiti tulikuwa tunanunua dumu la lita 20 kwa kijana wa bodaboda. Wiki hizo hizo mimi nilikuwa nachota kikombe cha maji hayo, nakoroga sukari, natia kwenye chupa ya plastiki niliyoipaka rangi nyekundu mdomoni, naitundika kwenye mkorosho ili chozi wanywe. Chozi ni yule ndege mdogo anayeng'aa, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea mikeka. Mama aliniangalia siku ya kwanza bila kusema neno. Siku ya tatu akauliza, "Mwanangu, huyo ndege ana kisukari, au ndiyo unamtafutia?"

Nilinuna. Leo nakiri alisema kweli, na nataka kulipinga wazo lililonifikisha pale, maana bado linazunguka miongoni mwetu tuliosoma: kwamba ukame ukija, mpenda ndege anunue sukari.

Wazo hilo limetoka Marekani, na huko lina sababu. Huko wapo ndege wavumaji, wale wanaosimama hewani mbele ya ua, na hawapatikani popote nje ya mabara ya Amerika. Mmoja wao, mwenye koo jekundu, ana uzito wa gramu 3 hivi, na wengi wao huvuka Ghuba ya Mexico, kilomita zipatazo 800, bila kutua. Anayemwekea kipimo kimoja cha sukari kwa vinne vya maji anampa msafiri nauli. Sisi tumebeba kipimo, tukasahau kuuliza msafiri ni nani.

Chozi si ndugu wa mvumaji. Wamefanana kwa kazi, kama wapagazi wa bandari mbili wanavyofanana mabega. Chozi hupenda kushika tawi na kunywa ametua. Havuki bahari, hufuata maua yanavyochanua, shamba hadi shamba. Na makinda yake hayakuzwi kwa utamu, hulishwa wadudu na buibui. (Wahamiaji halisi wa delta ya Rufiji ni ndege wa matopeni wanaotoka Ulaya na kaskazini ya Asia. Hao hata ukiwawekea soda hawana habari.)

Chupa yangu ilivuna nini? Sisimizi, nyuki, nyigu. Kwa joto la Novemba maji yalichacha siku ya pili, na kuiosha chupa kulitaka maji mengine. Chozi mmoja alikuja, akaonja, akaruka kwenda nyuma ya bafu.

Nyuma ya bafu kuna mgomba. Hakuna aliyewahi kuumwagilia kwa makusudi. Unakunywa maji tuliyoogea. Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa magotini, mgomba ukabeba. Kila ganda la zambarau lilipofunuka asubuhi, chozi wawili watatu walikuwa pale wakigombana. Maji yaliyomwosha mtu yakalisha ndege, na ndizi tukala wenyewe.

Rafiki mmoja ananiambia nakataza wema mdogo: kikombe cha maji kitamuua nani? Hakimuui mtu. Ila najua uwanja ambako chupa mbili zilitundikwa wiki ile ile uzio wa maua mekundu ulipong'olewa na zege kumwagwa, ili pawe pasafi. Chupa ndiyo iliyofanya zege isionekane.

Shuka Nyamisati, anakokaa shangazi yangu, maji yakiwa yanajaa. Utaona msinzi kati ya mikoko mingine, maua yake yenye kikombe chekundu yakitazama chini. Petali zimekunjwa zikishika chavua kama mtego. Mdomo wa chozi ukigusa, zinafyatuka na kumrushia unga usoni, naye anaupeleka ua jingine. Delta hii ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na tangu 2004 imo katika orodha ya Ramsar. Hata hivyo upande wa kaskazini msitu umefyekwa kwa mpunga. Simlaumu mkulima, shangazi naye analima, na wali wake nimekula. Nawalaumu wenye mishahara, na sisi tunaoisubiri, tunaonunua boriti bila kuuliza zimekatwa wapi, kisha jioni tunakoroga sukari.

Chupa yangu mama anatilia mafuta ya nazi. Mimi nimechimba mfereji kutoka bafuni, unapita kwenye mgomba wa pili hadi kwenye mkomamanga uliokuwa umekata tamaa. Umetoa maua manne. Mawili chozi ameshayatoboa kitakoni, hakungoja hata yafunguke vizuri.