Tusichome Malisho Yetu

Ndugu zangu wa Ifakara, Mlimba na Malinyi, kila kiangazi mpunga ukishavunwa, bonde letu la Kilombero hufuka moshi. Yanayoungua ni majani ya mpunga. Kiangazi hichohicho wafugaji wanahaha kutafuta malisho, na mashauri ya ng'ombe kuingia mashambani yanawaelemea watendaji wa vijiji. Tunachoma chakula, kisha tunagombana kwa njaa ya ng'ombe!

Mwaka 2006 na 2007 mifugo iliondolewa Usangu, mingine ikaingia kwetu. Mwaka 2012 operesheni ikapita hapa nayo, mifugo ikaswagwa tena kutoka ardhioevu hii iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Simlaumu Msukuma wala Mbarbaig. Aliyetoka kwenye ukame akaona majani mabichi, angeachaje kuteremka? Lakini bonde halitanuki. Nyasi zake ni makao ya sheshe, na maji yake ni sehemu kubwa ya maji ya Rufiji, yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere.

Basi tuanze na yale majani. Yakiwa makavu hivihivi ni magumu na hayana lishe ya kutosha, lakini yanatengenezeka. Chukua kilo 100 za majani makavu. Yeyusha kilo 4 za urea, ileile ya shambani, katika lita 80 hivi za maji. Nyunyizia tabaka kwa tabaka, shindilia, funika kwa turubai hewa isipenye, uache wiki tatu. Ukifunua, yaanike kwanza mpaka harufu kali iishe. Ndama wa chini ya miezi sita wasipewe kabisa, wala mnyama yeyote asinywe maji yale ya urea, maana ni sumu.

Najua mfugaji atajibu kwamba wingi wa ng'ombe ndiyo akiba yake. Namheshimu, lakini akiba inayokonda kila kiangazi na kulipishwa faini kila ikivuka mpaka wa shamba ni akiba gani? Wachache walioshiba, wanaoogeshwa joshoni kwa wakati, wanakamuliwa na kuuzika.

Mkulima atoe majani, mfugaji arudishe samadi. Waandikishane mbele ya mtendaji wa kijiji sasa, mpunga ungali mbichi shambani.