Kichwa cha Kibarua Wako ni Dhamana Yako



Hapa Simbo siku ya kuvuna chikichi huanza na sauti ya panga juu ya mti. Mwenye shamba amesimama chini, watoto wanaokota punje zilizotawanyika. Mkwezi yuko juu, kamba kiunoni, kichwa wazi. Akishuka salama hulipwa, nasi husema siku imekwenda vizuri. Asiposhuka salama husema, "Ni mapenzi ya Mungu." Maneno hayo nimeyasikia wodini kwa zaidi ya miaka 30 ya uuguzi wangu, na leo naomba ruhusa yenu niyapinge.

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa kijana aliyepigwa na mkungu wa chikichi kichwani. Yeye hakupanda mti, alikuwa chini akikusanya. Mkungu mmoja huweza kufikia kilo 20 na zaidi. Alizimia kidogo, akazinduka, akacheka na wenzake, akaoga, akala, akalala. Ndugu zake walifurahi kwamba anapumzika. Usiku walimsikia akikoroma kuliko kawaida yake. Asubuhi aliitwa hakuitika. Alipotufikia, mboni ya jicho moja ilikuwa imetanuka, na hatukuweza kumwokoa. Aliacha mke na mtoto anyonyaye. Aliyempa kibarua alikuja msibani na unga na sukari, wala hakuna aliyemwuliza swali lolote.

Kwa nini mtu acheke jioni na afe asubuhi? Fuvu ni gumu, lakini ubongo ni laini. Mshipa wa damu ukipasuka ndani, damu hujikusanya polepole. Fuvu halitanuki, kwa hiyo ubongo ndio unaobanwa. Saa za mwanzo mgonjwa huweza kuongea vizuri kabisa, kisha akazidiwa ghafla. Wapasuaji wa ubongo nchini ni wachache, na safari ya kwenda Bugando au Muhimbili ni ndefu. Kwetu sisi wa Kigoma, kinga ndiyo tiba iliyo karibu.

Sasa niulize: mwajiri ni nani? Wengi hufikiri ni kampuni au serikali. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Tuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani lilitangaza kuwa mazingira salama ya kazi ni moja ya haki za msingi za mfanyakazi. Hayo ni mema. Lakini kijana unayemwita Jumamosi akukatie mikungu, fundi anayepanda kenchi ya nyumba yako, mchimba kisima aliye chini huku ndoo ya udongo ikining'inia juu yake, hao mara nyingi hawaandikwi popote. Mwajiri wao ni wewe na mimi.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Ona basi: Mungu hakusema kuanguka ni mapenzi yake. Alimwagiza mwenye nyumba aweke ukingo.

Ukingo wetu ni nini? Ni kofia ngumu na kamba, na tusivichanganye. Kofia ngumu humkinga mtu na kitu kinachomwangukia, lakini peke yake haimwokoi anayeanguka kutoka mita 10. Huyo anahitaji kamba nzima isiyooza, na mwenye shamba mwenye moyo wa kusema, "Mvua imenyesha, mti unateleza, tuvune kesho." Huko Marekani, daraja la Golden Gate lilipojengwa kati ya mwaka 1933 na 1937, wafanyakazi walilazimishwa kuvaa kofia ngumu, na wavu mkubwa ukafungwa chini yao. Wavu huo uliokoa watu 19.

Tangu mwaka 2018 serikali imehimiza zao la michikichi mkoani kwetu, na kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha mbegu ya Tenera. Miti hiyo ikiwa bado mifupi huvunwa mtu akiwa amesimama chini. Ni faraja, kwani kuanguka kutapungua. Lakini mti ukirefuka, mvunaji hukata kwa mundu uliofungwa kwenye mti mrefu, na mkungu huanguka karibu naye. Basi kofia itahitajika zaidi, na watoto wakae mbali.

Tusiwasahau vijana wa bodaboda. Pikipiki ndiyo kazi yao. Mwaka 2008 shirika la Cochrane lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi: kofia ya pikipiki hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi mtu.

Wengine watasema kofia ni ghali. Sikatai. Napendekeza kila jumuiya ndogo ndogo ichange, inunue kofia ngumu mbili tatu na kamba nzuri, ziazimwe kwa zamu kama tunavyoazimana sufuria za arusi. Wengine watasema vijana wenyewe hawataki, wanaona joto na kuchekwa. Basi mwenye kazi aseme: bila kofia hakuna kibarua. Na parokia itangulie. Tunapojenga makanisa na nyumba za mapadre, vijana wetu hupanda juu kwa moyo wa kujitolea, vichwa wazi. Sadaka yao isitugharimu maisha yao.

Ajali ikitokea, zingatia haya:

1. Usimvute mikono wala kumkalisha. Shingo huenda imeumia. Watu kadhaa wamgeuze ubavu kwa pamoja, kichwa na mwili vikifuatana, hasa akitapika.
2. Usimbebe mshikaki kwenye pikipiki. Tafuta gari, alazwe kwenye ubao au mlango.
3. Usimpe chakula, pombe, aspirini wala diklofenaki.
4. Aliyezimia hata kidogo aletwe hospitali siku hiyo hiyo, ajapokuwa anacheka.
5. Akirudishwa nyumbani, mtu akae naye saa 24 na kumwamsha kama alivyoelekezwa na mhudumu.
6. Mrudishe mara moja akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia asiamke vizuri, akichanganyikiwa, akipata degedege, akilegea upande mmoja, au maji maji au damu vikitoka puani au masikioni.

Mgonjwa akianza kusema ovyo baada ya kuumia kichwa, msikimbilie kusema amelogwa. Saa mnazopoteza kwa mganga ndizo saa ambazo damu inaubana ubongo wake.

Jumamosi ijayo, kabla kijana hajapanda mti wako, mtazame kichwani. Kama hana kitu, kazi isubiri.