Mikro ya Gita: Tusinunue Kelele

Naandika kutoka Kisangani. Mwezi huu nasema na ninyi vijana wa korali. Wazazi nao wasikilize, kwa sababu feza ya korali inatoka katika nyumba zao.

Gita ya kanisa ikianza kulia vibaya, neno la kwanza ni hili: "Mikro zimekufa, tununue zingine." Feza inachangwa, mtu anatumwa Kinshasa, mzigo unapanda mto kilometa zaidi ya 1.700. Mikro zikifika, haziingii katika tundu la gita. Ao zinaingia, na ugonjwa unabaki palepale!

Tujue kwanza mikro ni kitu gani. Sisemi ile ya mwimbaji, nasema ile inayolala chini ya nyuzi. Ndani yake kuna sumaku, na kandokando waya ya shaba, nyembamba kama unywele, imezungushwa mara elfu na elfu. Hiyo ndiyo bobini. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa katika shaba, na ampli inaukuza. Kwa hiyo uzi wa nailoni hausikiki kwa mikro hii. Sumaku nyingi za mikro ni za aliniko, maana yake chuma kilichochanganywa na aluminiamu, nikeli na kobalti. Ninyi wa Kolwezi na Likasi, mnasikia? Shaba na kobalti, mali ya udongo wenu, ndizo zinazoimba katika gita.

Sasa, mbele ya kununua, pimeni. Wekeni nyuzi mpya, kwa sababu joto na unyevu wa kwetu vinaleta kutu upesi na sauti inafifia. Jaribuni waya nyingine ya kwenda kwa ampli. Zungusheni vile vifundo vya sauti: vikikwaruza, mara nyingi ni vumbi tu. Fungueni kifuniko muone kama kuna waya iliyoachana. Tena, angalieni kimo cha mikro. Ikiwa mbali na nyuzi, sauti ni zaifu. Ikiwa karibu sana, sumaku inavuta uzi na sauti inapotoka.

Mwisho, mwiteni fundi mwenye testeri. Mikro ya bobini moja kwa kawaida inaonyesha kilo-omu 5 mpaka 8. Ya bobini mbili mara nyingi 7 mpaka 9, na zile kali zinapita hapo. Kama testeri inaonyesha kwamba njia imekatika, na kosa haliko katika waya za inje, basi mikro imekufa kweli. Hata hapo, fundi mvumilivu anaweza kuizungusha upya, lakini apate waya ile nyembamba. Waya ya mota ni nene mno.

Kama ni lazima kununua, tuchague namna gani? Mikro ya bobini moja inatoa sauti safi, yenye kung'aa. Uzuri huo unafaa solo na misolo za kwetu, ambako kila noti inataka kusikika peke yake. Lakini inavuma karibu na taa za neon, transfo ao grupu ya umeme. Mwaka 1955, Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, alitengeneza dawa yake: bobini mbili zinazopingana. Mvumo wa moja unaua wa mwenzake, sauti ya uzi inabaki, tena imenenepa. Ikiwa ibada yenu inategemea grupu, bobini mbili zitawasaidia; ziko hata nyembamba za kuingia katika tundu la bobini moja.

Pimeni tundu, urefu, upana na kina, na nafasi ya visukurubu. Choreni kwenye karatasi, mpeni msafiri karatasi hiyo. Na vifundo vipatane: bobini moja kwa kawaida inataka vya kilo-omu 250, bobini mbili 500.

Muuzaji atasema, "Hii ndiyo ina nguvu." Msidanganyike. Mikro kali mno inafanya ampli ikoroge sauti, na bafle zilizochoka zinamaliza kazi. Kusanyiko litasikia gita, maneno ya wimbo yatapotea.

Kumbukeni mzee Mawangu Mingiedi wa Konono Na. 1, pale Kinshasa. Alitengeneza mikro za likembe kwa sumaku za vyuma vya magari makuukuu, na mwaka 2004 albamu yao Congotronics ilitoka Ulaya. Hakutafuta jina la kampuni. Alijua anataka kitu gani: likembe isikike katika makelele ya mji.

Na ninyi, mnataka kitu gani kisikike siku ya yenga? Jibuni hilo kwanza, vijana pamoja na wazee. Kisha ndipo mufungue sanduku la feza.